Makato Mapya ya Afya: Karatasi ya Ukutani Haikutosha

Ndugu wafanyakazi wa nchi jirani, tunawaandikia kutoka mashamba ya chai ya magharibi mwa Kenya. Tunajua kwamba Tanzania ilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi sikieni yaliyotupata sisi huku, maana huenda yakapiga hodi kwenu pia.

Tangu mwaka 1966 Kenya ilikuwa na mfuko wa bima ya hospitali, NHIF. Tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko huo uliondolewa, ikaingia SHA pamoja na hazina yake ya SHIF. Zamani makato yalikwenda kwa ngazi, na hata mkubwa wa mshahara mnono hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Sheria mpya ikasema kila mwenye mshahara akatwe asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Kikomo cha juu hakuna, cha chini ni shilingi 300. Mwajiri haongezi hata senti yake. Yeye hukata tu na kupeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Jambo hilo hatukulipenda na bado hatulipendi.

Je, mwajiri wetu aliwaambiaje watu? Alibandika karatasi mbili za Kiingereza kwenye ubao wa ofisini. Mchuma chai huondoka kambini alfajiri na kurudi jioni na mgongo umekwisha. Ofisini anakwenda kufanya nini? Nasi viongozi wa tawi tuliisoma ile karatasi, tukatikisa vichwa, tukaenda zetu. Kosa hilo ni letu na tunalikubali.

Mahali pasipo na maneno ya kweli uvumi hujaa. Wengine walisema tutakatwa maradufu. Wengine walisema mahakama imefuta jambo lote, kwa hiyo asijiandikishe mtu. Hawa hawakusema uongo mtupu: Julai 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo ni kinyume cha Katiba, lakini Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi ule. Habari ya Julai ilifika mashambani mbio. Ile ya Septemba haikufika.

Mshahara wa Oktoba ulipotoka, moto ukawaka. Sisi tunalipwa kwa kilo, na kilo hupanda na kushuka kwa mvua. Zamani aliyepata 12,000 na aliyepata 14,000 wote walikatwa 500. Sasa kila karatasi ya mshahara ilikuwa na tarakimu yake, na mwezi uliofuata ikabadilika tena. Watu wakasema karani anakula. Masikini karani, alikaribia kupigwa.

Tulipokaa na kalamu tukaona ajabu. Aliyepata 14,000 sasa alikatwa 385 badala ya 500. Aliyepata 17,000 alikatwa 467 na senti 50, na zamani ilikuwa 600. Walioumia ni wa juu: wa 40,000 alitoka 1,000 akafika 1,100, na wa 100,000 alitoka 1,700 akafika 2,750. Kelele za maradufu zilianzia kwa wakubwa wa ofisi, zikateremka shambani, nasi tukazibeba kama zetu.

Lakini shilingi hazikuwa hatari kubwa. Hatari ilikuwa majina. Bima mpya ilitaka kila mtu ajiandikishe upya na kuwaandika mke au mume na watoto. Kukatwa peke yake hakukutosha. Mwezi wa Novemba mama mmoja wa kikosi chetu alimpeleka mtoto hospitali usiku, homa kali, pumzi inakatika. Akaambiwa mtoto haonekani katika orodha. Alikuwa amekatwa kila mwezi kwa miaka, wala hakuelewa wanasema nini. Alitakiwa kutoa fedha taslimu. Tulichanga kambini kabla ya jua kuchomoza, mwenye hamsini, mwenye mia. Mtoto alipona. Mama yule alituuliza swali moja tu: mlijua, mbona hamkuniambia? Hatukuwa na jibu.

Baada ya hapo tulimwendea meneja na Sheria ya Ajira ya 2007 mkononi. Sheria hiyo inasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, aelezwe mkataba kwa lugha anayoielewa. Meneja alijibu kwamba makato ya serikali si mkataba. Tukamwambia makato yanatoka katika mshahara, na mshahara umo katika mkataba. Tulibishana sana. Mwishowe alikubali tangazo la Kiswahili, na karani atupe orodha ya wasiojiandikisha. Nusu saa ya kazi yenye malipo kwa ajili ya maelezo alikataa katakata.

Tukaenda penye mizani. Wakati watu wanangoja lori tulisimamisha ubao mweusi, tukachukua mshahara wa mtu mmoja kwa ridhaa yake, tukapiga hesabu mbele ya wote mpaka wazee wakaanza kutusahihisha. Vijana walishika simu, wakabonyeza *147#, wakawaandikisha mama na baba zao mmoja mmoja. Mwenye kitambulisho kilichopotea tuliandika jina lake kando. Tulikwenda kikosi kwa kikosi, na kwa wanaozungumza Kijaluo au Kikipsigis tulitafuta mwenzao aeleze, kwa sababu hata Kiswahili chetu cha mikutano si cha kila mtu.

Limebaki jambo moja gumu. Vibarua wa msimu hukatwa miezi ya kazi tu. Kiangazi kikija wanarudi nyumbani bila mshahara, na sheria huwahesabu pamoja na wasioajiriwa, ambao hupimwa hali zao za maisha na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Nani ana fedha hizo wakati wa kiangazi? Katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja tunataka mwajiri awalipie miezi hiyo. Meneja amecheka. Tumeliandika kama dai la kwanza.