Je, Wajua? Pepopunda Haitokani na Kutu

Nyarutarama, mtaa wa majumba ya kifahari wilayani Gasabo, Kigali, nao umewahi kuwa na vifusi vyake. Septemba 2022 nyumba za kitongoji chake cha Kangondo, maarufu kama Bannyahe, zilibomolewa na wakazi wengi wakahamishiwa mtaa wa Busanza. Katika kifusi cha namna hiyo, ubao wenye msumari uliosimama hutoboa kandambili hadi nyama ya mguu.

Hapo, pepopunda ikitokea, watu hulaumu kutu. Wanaionea! Mkosaji ni bakteria aitwaye Clostridium tetani, ambaye mbegu zake hukaa udongoni na kwenye samadi kwa miaka mingi. Msumari mpya unaong'aa, ukiwa na udongo huo, huambukiza vilevile. Tundu dogo lenye kina ndilo la kuogopwa zaidi, kwani bakteria huyu hustawi pasipo hewa. Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 21, mara nyingi zikianza na taya kukaza.

Kwenye nyumba zinazobomolewa, juu nako si salama. Mapaa ya asbesto, ambayo Rwanda imekuwa ikiyaondoa kwa miaka kadhaa, huvunjika ghafla yakikanyagwa, na vumbi lake likivutwa laweza kuleta saratani miaka 20 au zaidi baadaye.