Gari Moja, Ufunguo Mmoja

Miongoni mwa vitu ambavyo wazee huwaachia watoto wao, gari kuukuu la spoti lina mahaba ya pekee. Hapa Kenya mfano mashuhuri ni Datsun 240Z, lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Gari la umri huo ni nadra kurithiwa na ufunguo mmoja. Hurithiwa na shada zima: huu wa mlango wa kulia, ule wa kushoto, mwingine wa nyuma, na wa nne wa kuwashia injini.

Sababu zake si za ajabu. Mlango uliogongwa hubadilishwa kwa mlango wa gari jingine, nao huja na kitasa chake. Swichi iliyochakaa hung'olewa ikatiwa ya pili. Ufunguo ukipotea, hununuliwa kitasa kipya kwa haraka. Miaka hamsini ya matengenezo ya namna hiyo huzaa fujo.

Ndugu wasomaji, tusilidharau jambo hili. Magari ya zama hizo hayakuundwa na kinga ya kielektroniki. Mlinzi wake ni kipande cha chuma tu. Mama aliyebaki na gari hilo hajui ni dereva gani wa zamani, au fundi gani, angali na nakala mfukoni. Na gari la marehemu ambalo halijagawanywa ni mali ya warithi wote. Kulilinda ni amana.

Habari njema ni kuwa haihitajiki kununua vitasa vipya vyote. Ndani ya kitasa cha gari mna silinda ndogo yenye vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja kikisukumwa na springi yake. Meno ya ufunguo sahihi huvipanga vibamba vyote viwe sawasawa na uso wa silinda, nayo ikazunguka. Ufunguo usio wake huacha hata kibamba kimoja kimejitokeza, na silinda hukwama. Basi fundi wa funguo akiitoa silinda, anaweza kubadilisha vibamba na kuvipanga upya vifuate ufunguo tunaoutaka sisi.

Kabla ya kumwendea fundi, tufanye hesabu nyumbani. Tujaribu kila ufunguo katika kila kitasa, taratibu, bila kulazimisha, maana ufunguo ukikatikia ndani huongeza gharama. Kila ufunguo tuufungie kikaratasi chenye jina la kitasa chake. Ufunguo ukiingia wote lakini usizunguke, kwa kawaida kitasa hicho chaweza kupangwa upya. Usipoingia kabisa, huenda njia yake ni ya umbo jingine, na hapo itabidi kutafuta silinda inayolingana kwa wauza vipuri vya zamani.

Mara nyingi ni busara kuifanya swichi kuwa msingi, na vitasa vya milango viifuate. Katika magari mengi swichi hiyo imeunganishwa na kitasa cha usukani, na hukazwa kwa boliti ambazo vichwa vyake hukatwa makusudi ili mwizi asizifungue. Kuing'oa ni kazi ngumu. Kitasa cha mlango hutoka kwa wepesi zaidi. Lakini swichi ikiwa imelegea hata ufunguo unachomoka gari likiwa linakwenda, isiwe msingi wa chochote. Ufunguo ukitoka safarini, usukani waweza kujifunga na roho zikaangamia. Hiyo ibadilishwe kwanza.

Tujihadhari na njia ya mkato. Wako mafundi ambao, kitasa kikiwasumbua, huvitoa baadhi ya vibamba au huvisaga kwa tupa mpaka ufunguo uzunguke. Mwenye gari hurudi nyumbani amefurahi, kumbe kitasa chake sasa hufunguka kwa funguo nyingi. Dada zetu msione haya kumwomba fundi avihesabu vibamba mbele yenu, kabla ya kazi na baada yake. Na fundi mwaminifu naye akiuliza kitabu cha gari, asionekane mkorofi. Anailinda mali ya watu.

Nakala nayo ina adabu yake. Ufunguo uliolika huzaa nakala iliyolika. Ikiwa namba ya siri ya ufunguo imechapwa kwenye silinda au kwenye ufunguo wa asili, uchongwe mpya kwa namba hiyo. Namba yenyewe iandikwe na kuwekwa pamoja na hati za nyumba, si ndani ya gari.

Sisi wa pwani tunaongezewa adui mmoja: hewa ya chumvi. Kitasa kikiwa kizito, tusikitie mafuta ya kupikia. Hunata na kukusanya vumbi. Unga kidogo wa grafiti hutosha.

Kazi ikiisha, funguo za zamani, isipokuwa nakala za ule uliofanywa msingi, hazifungui kitu tena, popote zilipo na kwa yeyote aliye nazo. Zibaki mbili tu zinazofanya kazi: moja kwa anayeendesha, na ya pili kwa mama wa nyumba, mahali ambapo warithi wote wanapajua.