Maji ya Mungu, Dizeli ya Nani?

Kila ninapoketi na kamati ya maji chini ya mgunga, iwe ni upande wa Dadaab, Habaswein au Modogashe, kuna kauli ninayoisubiri, nayo huwa haikawii. Mzee ataichomeka bakora yake mchangani, atanitazama kwa huruma kama anayemtazama mtoto aliyepotea njia, kisha aseme: "Abti, maji ni ya Mwenyezi Mungu. Tutayauzaje?" Wenzake wataitikia. Mweka hazina, kama yupo, atatazama pembeni.

Sibishani na mzee. Ila maji hayo yako mita mia moja na zaidi chini ya mkeka tuliokalia. Kinachoyapandisha ni pampu ya kiwandani inayokunywa dizeli iliyoletwa kwa lori, na anayeiwasha alfajiri ni kijana mwenye mke, watoto na deni dukani. Nilipanga kuigawa sura hii mara tatu: maji, mashine, kisha watu. Tuone kama itakaa hivyo.

Tuanze na maji, maana porojo huanzia hapo. Watu wengi, waliosoma wakiwamo, wanaamini kwamba chini ya Kaskazini Mashariki kuna mto au ziwa na kazi ni kulitoboa tu. Hakuna ziwa. Kuna matabaka ya mchanga, changarawe na udongo wa mfinyanzi, na maji yamejibana katikati ya chembe, kama unavyomwagia maji ndoo iliyojaa mchanga ukashangaa yameingia wapi. Tabaka kubwa la namna hiyo kwetu ni lile la Merti. Linafuata kwa jumla njia ya Ewaso Ng'iro: kutoka Merti kule Isiolo, kupitia kinamasi cha Lorian, Habaswein na Dadaab, hadi Liboi na kuvuka mpaka kuingia Somalia. Mwaka 1977 wanajiolojia wawili, Swarzenski na Mundorff, walichapisha ripoti juu ya maji ya chini ya mkoa huu, na picha waliyoichora haijabadilika sana: katikati kuna ukanda wa maji matamu, pembeni ni chumvi. Mengi ya maji hayo ni ya kale. Mvua ya mwaka huu huongeza kidogo mno.

Kwa hiyo kisima kikitoa chumvi, ushauri wa barazani wa "chimbeni zaidi" ni ushauri wa mtu asiyelipa gharama ya kuchimba. Kwenda chini hakukurudishi kwenye ukanda mtamu, na kisima kinachovutwa kwa pupa huweza kuiita chumvi iliyokuwa mbali. Kuna kifaa cha mkononi kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikiongezeka, namba inapanda. Bei yake haizidi mbuzi wachache. Nimezuru visima vyenye uzio wa nguzo za chuma, lango la rangi na kibao cha mfadhili chenye ukubwa wa kitanda, lakini kifaa hicho hakipo.

Septemba 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kwamba hifadhi kubwa mno ya maji imegunduliwa Lotikipi, Turkana, kwa msaada wa picha za setilaiti na rada. Habari zikaenea kwamba Kenya imepata maji ya miaka 70. Visima vya majaribio vilipopimwa baadaye, maji yakakutwa na chumvi nyingi isiyofaa kunywa. Rada haikusema uongo, kwani kazi yake si kuonja. Walioonja kabla ya kupima ni sisi.

Basi ikiwa hiyo ndiyo hali ya rada, nisemeje juu ya fundi wa kijiti chenye panda? Anatembea, kijiti kinainama, anasema "hapa", watu wanachimba, maji yanatoka, na sifa zake zinavuka kaunti tatu. Lakini juu ya tabaka la Merti, ningefumba macho nikatupa kiatu, mahali kilipoangukia ukachimba ungepata maji. Swali la maana huku kwetu ni kama yatakuwa matamu, yatatoka lita ngapi kwa saa, na yatashuka kiasi gani pampu ikikesha. Kijiti hakijawahi kujibu hata moja.

(Wajir mjini ni hadithi nyingine. Pale maji yako mita chache tu chini, visima vya mkono vimejaa mitaani, na choo cha shimo kinakunywa kikombe kimoja na kisima cha jirani. Ndiyo maana kwa miongo mingi mji ule ulitumia vyoo vya ndoo. Wageni walicheka wakidhani ni ushamba. Waliocheka hawakuuliza kina cha maji.)

Mashine nitaipitia haraka, isipokuwa sola. Siku hizi kila kisima kinachofungwa paneli kinasherehekewa kwa maneno yale yale: jua ni la bure. Jua ni la bure, naam. Pampu si ya bure, wala nyaya, wala kile kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli uendeshe mota, ambacho vumbi na joto letu hakivipendi hata kidogo. Na kuna jambo la pili ambalo wafadhili hawalioni. Dizeli ilikuwa mwalimu mkali. Pipa likiisha, maji yanakatika siku hiyo hiyo, kwa hiyo kamati ilikuwa lazima ikusanye pesa kila siku, itake isitake. Sola imekuja, deni la kila siku limeondoka, na mazoea ya kukusanya yameondoka nalo. Mwaka wa sita mota inaungua. Sanduku la pesa likifunguliwa, ndani kuna risiti za soda za mkutano wa uzinduzi.

Sasa watu. Hapa nilikusudia kueleza daftari la mapato, kanuni za kamati na mgawanyo wa kazi, kwa utaratibu mzuri. Lakini siwezi kumwacha yule mzee na bakora yake, kwa sababu hoja yake ni ya dini, na hoja ya dini haijibiwi kwa daftari.

Mimi si shehe, ila nimeketi na mashehe. Ni kweli Mtume alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Wanazuoni, Mashafii wakiwamo, wamelifafanua: maji yaliyo kwenye chimbuko lake ni ya wote, lakini yaliyokwisha kutekwa na kuwekwa chomboni ni ya aliyeyateka, naye aweza kuyauza, kama anayekata kuni porini akazipeleka sokoni. Maji yaliyopanda mita mia moja kwa mota, yakapitishwa kwenye bomba na kujazwa kwenye tangi, yameshatoka kwenye chimbuko.

Lakini mfano ninaoupenda ni kisima cha Ruma, Madina. Wahajiri walipofika kutoka Makka walikuta maji matamu ni adimu, na mwenye kisima cha Ruma akiyauza. Mtume akahimiza kisima kile kinunuliwe kwa ajili ya Waislamu, na Uthman bin Affan akakinunua. Hapo ndipo wahubiri wengi huishia: Uthman alitoa, maji yakawa bure, basi na ya kwetu yawe bure. Wanaruka mambo mawili matamu kuliko yote.

La kwanza ni sharti. Ndoo ya Uthman ilikuwa sawa na ndoo za Waislamu wengine. Mtu aliyetoa maelfu ya dirhamu hakupata foleni ya peke yake. Linganisha na kisima chochote unachokijua, ambapo lori la mheshimiwa likifika, akina mama wenye mitungi ya lita 20 waliopanga foleni tangu alfajiri wanaambiwa wasubiri kidogo.

La pili limo katika simulizi mashuhuri ya namna alivyokinunua. Mwenye kisima alikataa kuuza chote, akauza nusu, na nusu hiyo ilikuwa ya zamu: leo siku ya Uthman, kesho siku yake. Siku ya Uthman maji yalikuwa bure, na watu walifanya ambalo watu hufanya: waliteka ya siku mbili. Siku ya mwenyewe hakuja mtu. Biashara ikamfia mkononi, akauza nusu iliyobaki. Nimesimulia kisa hiki katika semina nyingi, na kila mara msikilizaji hucheka kwa ujanja wa Uthman. Mimi humtazama mwenye kisima. Yeye ndiye kamati ya maji ya kijiji cha Garissa wakati wa kiangazi.

Fikiri. Kamati imejitahidi, imekusanya, imenunua dizeli. Ukame unaingia kama ule wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokatika mfululizo. Malori ya maji ya bure yanafika, yamebandikwa picha za wanasiasa. Maji yanamwagwa kwenye matangi hatua mia mbili kutoka kisimani. Nani atalipa? Mapato yanakauka, dizeli inaisha, kijana wa pampu anakwenda mjini kutafuta kazi ya bodaboda. Malori yakiondoka, kama yanavyoondoka siku zote, kijiji hakina lori wala kisima. Silaumu maji ya dharura, kwa maana mtoto mwenye kiu hangoji hesabu. Nalaumu lori kupita kando ya kisima kizima kwenda kushinda kura, ilhali pesa zile zile zingekinunulia dizeli na kuwapa watu maji mara kadhaa zaidi.

Tofauti ya Uthman na malori hayo ni hii: yeye, baada ya kukitwaa kisima chote, alikifanya wakfu. Wakfu si "bure". Wakfu ni mali iliyofungwa, yenye msimamizi, na gharama ya kuitunza ina mahali inapotoka. Mali isiyo na pesa ya matunzo si wakfu, ni gofu linalosubiri siku yake.

Wafugaji wa huku walijua hili kabla ya pampu. Kwa Waborana visima virefu vya mkono vina abba herega, mtu wa kupanga zamu ya kunywesha: mifugo ipi, siku ipi, nyuma ya nani. Kazi yake ni kusema "si zamu yako" kwa mtu mwenye ngamia wengi kuliko yeye. Kisha ikaja pampu, ikaja kamati yenye mwenyekiti, katibu na muhuri, na cheo cha kusema "si zamu yako" kikasahaulika.

Na ngamia ndiye kiini cha hesabu. Tuseme kisima kinatoa lita 8,000 kwa saa. Familia 200, kila moja mitungi mitano, ni lita 20,000 kwa siku, yaani saa mbili na nusu za pampu. Ngamia mwenye kiu hunywa lita 100 na zaidi kwa mkupuo. Ngamia 300 wakifika horini ni lita 30,000, karibu saa nne. Mnywaji mkubwa yuko wazi. Sasa angalia nani hulipa. Mama hulipa shilingi zake mkononi, mtungi kwa mtungi. Mwenye ngamia 300 husema atalipa mvua ikinyesha, na mvua ikinyesha hayupo, ameshahamia kwenye madimbwi. Nikiwauliza kwa nini hawamdai, jibu ni lile lile: maji ni ya Mungu. Nimegundua kwamba kauli ile husemwa zaidi na wenye mifugo mingi. Akina mama sijawasikia wakiisema, huenda kwa sababu wamo kwenye foleni.

Nikiri na langu. Miaka ya nyuma nilikiandikia kijiji kimoja kanuni za kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza cha wakili, zikapigwa muhuri. Nilirudi baada ya miezi sita nikakuta daftari langu la mapato linatumika kuandikia madeni ya miraa. Tangu hapo naandika kanuni nne ukutani kwa rangi, Kisomali upande mmoja na Kiswahili upande wa pili: bei ya mtungi, bei ya ngamia, ng'ombe na mbuzi, saa za pampu kupumzika, na kiasi kilichomo sandukuni mwezi huu. Pesa zipite M-Pesa, na ujumbe ufike simu tatu, moja ikiwa ya mwanamke anayeteka pale kila siku.

Sheria haipingi hayo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Hakijasema bure. Sheria ya Maji ya 2016 inaweka rasilimali yenyewe mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na huduma chini ya kaunti. Kuchimba kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kibali hicho si karatasi ya kusumbua watu. Kisima kipya kikichimbwa kwenye malisho ya masika, mifugo haiondoki tena, nyasi hazipumziki, vibanda vinaota, kisha inadaiwa shule, kisha chifu. Miaka michache baadaye kuna kijiji kizima kinacholetewa maji kwa lori, kando ya kisima kilichokufa.

Ombi langu ni kwa wewe uliye Eastleigh, Doha au Minneapolis, unayepigiwa simu baada ya Ijumaa uchangie kisima cha sadaka kwa ajili ya marehemu mzazi wako. Usichimbe kipya. Uliza kijiji chenu kina kisima gani kilichosimama, na kimesimama kwa kukosa kifaa gani. Nunua pampu ya akiba ihifadhiwe Garissa, au chumba cha duka ambacho kodi yake itakuwa wakfu wa matengenezo, na risiti ibandikwe mlangoni mwa msikiti. Jina la mzazi wako waliandike hapo.