Ndizi na hofu ya GMO: Tujue tunachokiogopa

Kwa kaya nyingi za Kahororo, na za Bukoba na Muleba kwa jumla, chakula ni ndizi. Vingine vyote ni vya kusindikizia. Mtoto anapofikisha miezi sita na kuanza kulishwa, kinachopondwa kwenye kibakuli chake mara nyingi ni ndizi ya kupika. Ndiyo maana habari za ndizi zilizobadilishwa vinasaba haziishii shambani. Zinafika hadi kliniki: Daktari, hizo ndizi hazileti saratani? Jeni yake haitaingia mwilini mwa mtoto?

Ni maswali ya haki. Tatizo ni kwamba neno GMO limekuwa kapu la kutupia kila mche mgeni. Tuanze kwa kulipanga kapu hilo, kwa sababu ndani yake kuna vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni mche wa chupa, yaani uliozalishwa maabara kutokana na kipande kidogo cha mgomba. Jeni zake ni zilezile za mgomba mama. Tofauti ni kwamba umekuzwa mahali safi, hivyo hauji na wadudu wala magonjwa kutoka shamba la jirani. Cha pili ni chotara, unaopatikana kwa kuchukua chavua ya mgomba mmoja na kuipaka kwenye ua la mwingine. Aina za TARIBAN zilizoidhinishwa nchini mwaka 2021 ni za kundi hili. Cha tatu ndicho GMO yenyewe: mmea ambao wataalamu wameuingizia jeni maabara. Hapa Tanzania hakuna ndizi ya GMO iliyoruhusiwa kulimwa wala kuuzwa. Hata majaribio ya mahindi ya GMO yaliyoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, Wizara ya Kilimo iliamuru yasitishwe Novemba 2018.

Kwa nini basi tujadili? Kwa sababu jirani zetu Waganda, wanaokula ndizi kama sisi, wamefanya utafiti huo kwa miaka mingi katika kituo cha Kawanda. Shabaha ni mbili, na zote zinatugusa.

Ya kwanza ni mnyauko wa migomba, ambao wakulima wetu huuita unyanjano. Uliingia Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa Kagera. Shamba likinyauka, familia hupoteza mlo na fedha ya matibabu kwa pamoja, na sisi hospitalini huwaona watoto uzito ukishuka. Watafiti wa Uganda na wa taasisi ya IITA walichukua jeni mbili kutoka pilipili hoho, ambazo husaidia mmea kuua seli zilizovamiwa kabla bakteria hajasambaa, wakaziingiza kwenye mgomba. Majaribio ya shambani yalianza 2010, na baadhi ya migomba hiyo ilistahimili ugonjwa.

Shabaha ya pili ni vitamini A. Ndizi zetu za kupika hushibisha, lakini vitamini hiyo ni kidogo. Profesa James Dale wa Australia na wenzake wa Uganda walichukua jeni kutoka ndizi ya Papua New Guinea iitwayo Asupina, yenye nyama ya rangi ya chungwa, wakaiweka kwenye ndizi nyingine ili itengeneze karotini kwa wingi. Karotini ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Jeni huingizwaje? Si kwa sindano, kama wengi wanavyodhani. Kifaa kikuu ni bakteria wa udongoni anayeitwa Agrobakteria, ambaye kwa asili yake hupenyeza sehemu ya jeni zake ndani ya mimea. Wataalamu huondoa zile jeni zake zinazoleta uvimbe kwenye mmea, wanaweka wanayoitaka, kisha wanamwacha afanye kazi aliyoizoea. Njia nyingine ni kufyatua chembe ndogo sana za dhahabu zilizopakwa vinasaba hadi zipenye kwenye seli. Mpya zaidi ni CRISPR, inayofanya kazi kama mkasi: hukata mahali maalumu kwenye jeni za mmea wenyewe, na si lazima ibakize jeni ya kigeni.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Agrobakteria amekuwa akiifanya kazi hiyo bila kutumwa na mtu. Mwaka 2015 wanasayansi walitangaza kwamba walichunguza aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, na zote zilikuwa na jeni za bakteria huyo. Tumevila vizazi na vizazi.

Sasa tujibu maswali ya kliniki. Jeni iliyomo kwenye chakula haigeuzi jeni za anayekula. Kila tonge la ndizi, maharage au samaki limejaa jeni, na tumbo huzimeng'enya kama linavyomeng'enya vitu vingine. Kuhusu saratani, wengi wanakumbuka utafiti wa panya wa Ufaransa wa mwaka 2012, uliochangia Kenya kupiga marufuku vyakula vya GMO mwaka huohuo. Mwaka uliofuata, jarida lililouchapisha liliuondoa: panya walikuwa wachache mno, na ni wa ukoo unaopata uvimbe kirahisi hata bila kulishwa GMO. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko kwenye soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama na si rahisi vilete madhara kwa afya.

Hiyo haina maana kwamba kila GMO ni salama kwa sababu tu imetoka maabara. Mfano ni soya iliyowekewa jeni ya kokwa za Brazili. Mwaka 1996 vipimo vilionyesha kwamba wenye mzio wa kokwa hizo wangedhurika na soya hiyo pia, na haikufika sokoni. Ndivyo kazi inavyotakiwa kufanyika. Kwa hiyo ukisikia GMO yoyote, uliza: jeni imetoka wapi? Inatengeneza protini gani? Imepimwa sumu na mzio? Nani aliyepima, na je, ni mwingine zaidi ya muuzaji? Anayekujibu "ni sumu" au "ni salama" bila kugusa maswali hayo hajakusaidia.

Wakati mjadala ukiendelea, macho ya mtoto hayasubiri. Mtoto anayejikwaa jioni giza linapoingia, au ambaye macho yamekauka, apelekwe kituo cha afya haraka. Upungufu wa vitamini A hupofusha, na hufanya surua iwe kali zaidi. Mpeleke mwanao wa miezi 6 hadi 59 akapate matone mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Juni na Desemba. Mjamzito asitumie matone wala vidonge vya vitamini A kwa kujiamulia, kwani dozi kubwa inaweza kumdhuru aliye tumboni.

Jikoni, ndizi isiende peke yake. Weka mchicha, majani ya maboga, dagaa au yai, na mafuta kidogo au parachichi ili mwili uweze kufyonza vitamini hiyo. Pembeni mwa kibanja panda viazi lishe vya rangi ya chungwa na mpapai.

Na shambani, usiukatae mche wa chupa au chotara ulioidhinishwa kwa kudhani ni GMO. Waulize wataalamu wa TARI Maruku au ofisa ugani wa kata yako. Kata ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga lako lisafishe kwa jiki au moto kabla ya kuhamia shina jingine, maana panga chafu kwa migomba ni sawa na sindano moja kwa wagonjwa wengi.

Kuogopa tusichokijua si kosa. Ila hofu ikitufanya tukatae mche safi leo, atakayelala na njaa ni mtoto, na atakuwa hajawahi kuonja GMO hata siku moja.