Redio-Kaseti ya Gari: Kwa Nini Sauti Huzama?

Tuchukue gari la zamani huko Lusu, wilayani Nzega. Redio yake hupokea matangazo barabara, lakini kaseti ikitiwa, mwimbaji hunguruma kama mlevi. Fundi mwenye haraka hukimbilia kubadili transista za kikuza-sauti. La hasha! Kikuza-sauti chaweza kufifisha sauti. Hakiwezi kuigeuza nene. Kosa limo katika mitambo inayovuta utepe.

Kaseti hii, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, yapasa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 1,800 za upande mmoja wa kaseti ya dakika 60: utapata mita 86 hivi za utepe. Mwendo ukipungua kwa asilimia 6 tu, sauti hushuka nusu toni. Mara nyingi mkosaji ni mkanda wa mpira utokao kwenye mota. Joto na miaka huulegeza. Mwingine huyeyuka ukawa kama lami.

Tenganisha kwanza nyaya za betri, ndipo ufungue. Futa mabaki ya mpira kwa pamba na spiriti. Mkanda uliotanuka usiupime. Zungusha uzi kwenye magurudumu yake, kisha utafute mkanda mfupi kidogo kuliko uzi huo. Kichwa kinachosoma utepe nacho kisafishwe, kwani vumbi humeza sauti nyembamba.

Jaribu kwa kaseti isiyo na thamani. Ile yenye sauti ya babu, isiyo na nakala, ingoje mpaka mitambo izunguke bila kutafuna utepe.