Je, Wajua? Chokoleti ya Njugu na Ndizi

Je, wajua kwamba karibu nusu ya uzito wa chokoleti nyingi za maziwa ni sukari? Unga halisi wa kakao ni mchungu. Utamu waweza kutoka kwa ndizi iliyoiva mpaka ganda likaota madoa meusi. Kegonga, Kuria Mashariki, ndizi na njugu hazitafutwi mbali. Kaanga njugu, zitwange mpaka zitoe mafuta, ponda ndizi, changanya na vijiko viwili vya kakao, kisha finyanga vitonge. Ila chambua njugu kwanza, tafadhali! Zilizosinyaa au kuota ukungu huenda zina sumu ya aflatoksini, na kuzikaanga hakuiondoi yote. Kakao yenyewe hulimwa kwa majirani wa Kenya: Kyela, Tanzania, na Bundibugyo, Uganda.