Ukibadilisha simu, mesaji za feza zinabaki wapi?

Mkaaji wa Lubunga akitumia ndugu yake wa ng'ambo feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mesaji inayorudi ndiyo risiti yake. Siku ya mabishano, ndiyo inaonyesha kiasi na tarehe.

Feza inafuata namba. Mesaji hapana: mara nyingi ziko ndani ya simu, haziko kwenye kadi SIM. Ukihamisha kadi peke yake, risiti zinabaki nyuma.

Anayetoka Android kwenda iPhone aweke programu ya Apple inayoitwa Move to iOS kwenye simu ya zamani. Inahamisha mesaji, picha na namba za watu, lakini wakati iPhone inatayarishwa mara ya kwanza. Ikiwa imeshaanza kutumika, itabidi kuifuta yote na kuanza upya. Simu zote mbili ziwe na chaji ya kutosha.

Anayetoka iPhone kwenda Android azime kwanza iMessage, juu mesaji za wenye iPhone zinaweza kukosa kumfikia.

Simu ya zamani isiuzwe mbele ya kuhakikisha mesaji zimefika. Kisha ifutwe kabisa.